Meli Iliyogeuka Kuwangoja Wawili

"Ampokeaye arudiye huuelekea upepo." Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, mkadhani ni methali ya wavuvi. Sivyo. Ilitoka katika meli ya vita ya Waingereza, ile aina ya kubeba ndege, na chanzo chake ni hiki.

Wakati wa vita vikuu vya pili, Mwinyikai Hamadi wa Changamwe aliajiriwa katika bandari ya Kilindini, akasafiri na meli hiyo akiwapelekea maofisa chai. Meli ile ilikuwa na mgongo tambarare kama uwanja wa mpira, na ndege ziliruka na kutua hapo hapo. Ila ndege haikuweza kutua mpaka meli iuelekee upepo na kwenda moja kwa moja bila kupinda.

Adhuhuri moja nyambizi ya adui ilionekana kule upepo unakotoka. Meli ikageuka, ikaupa upepo kisogo, ikatia mbio. Mwinyikai alifurahi, maana roho ni tamu, na mkewe alikuwa mjamzito. Mara ikajulikana kuwa ndege moja haijarudi na mafuta yake yanakaribia kwisha.

Mwinyikai alikuwa na sinia mkononi ofisa mmoja alipomsihi nahodha waendelee kukimbia. Kiingereza cha kuombea maji alikuwa nacho, akaelewa.

"Ndani ya ndege wamo wawili, afande. Humu tumo elfu moja."

"Niliwaambia watanikuta," nahodha akajibu. "Geuzeni meli."

Mwinyikai alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote. Meli ikairudia hatari, imenyooka, shabaha ya wazi, na vikombe vikagongana juu ya sinia. Ndege ikatua. Wakashuka vijana wawili, mmoja akitapika. Meli ikageuka tena, ikaponyoka.

Vita vikaisha. Meli ikarudisha askari makwao, kisha ikauzwa, ikakatwa vyuma. Mwinyikai hakusikitika, alikuwa na mkahawa wake wa kuangalia.

Mtoto aliyekuwa tumboni, Mwanamkasi, akakua, akaolewa Vanga. Siku moja ikaja habari kwamba amekimbia kipigo cha mumewe na yuko njiani. Mtaa mzima ukajaa barazani kumtazama. Ndugu zake Mwinyikai wakamshauri afunge mlango, au binti aingizwe gizani, aibu isienee.

Mwinyikai akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akapita katikati ya macho yote yale, akamngoja bintiye barabarani na kumpokea mzigo.

Nduguye akamuuliza kama haoni haya.

"Naona," akasema. "Lakini ampokeaye arudiye huuelekea upepo."