Siku Pimbi Walipokwenda Kuwatazama Watu

Hapo zamani za kale, ila si kale sana maana magari yalikwisha kuwako, wanyama wa mbugani walikuwa na siku yao ya matembezi. Ninyi huenda mbugani kuwatazama wao, sivyo? Basi na wao walifunga vyakula, wakachukua watoto, wakaenda kando ya barabara kuwatazama ninyi!

Alikuwako pimbi mmoja, mdogo wa kimo, mwepesi wa akili, jina lake Mama Sikitu. Aliishi pangoni na mumewe, watoto watatu, na mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi. Macho ya Bibi yalikuwa yakiingia ukungu, na kila asubuhi ukungu ulizidi.

"Mwanangu," alisema Bibi, "kabla sijapofuka, natamani nimwone mtoto wa binadamu akicheka. Nasikia wanacheka uso mzima."

"Utamwona, mama. Leo hii hii!"

Wakatoka, Bibi kamshika Mama Sikitu begani, polepole, mpaka kwenye jiwe kubwa la kando ya barabara. Ukiwa juu ya jiwe lile, unatazamana na madirisha ya magari. Ukiwa chini, pimbi weye, utaona magurudumu tu.

Lo! Jiwe limejaa. Simba na mkewe na watoto wao wamejinyoosha, na Nyati na Kifaru wamejibana pembeni.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema Mama Sikitu.

"Marahaba," alijibu Simba. "Mnataka nini?"

"Nafasi ndogo tu ya huyu Bibi. Macho yake yanakwisha."

"Hapa hapana nafasi!" alinguruma Simba. "Sisi tumewahi."

"Atazame magurudumu," alisema Nyati. "Na magurudumu nayo ni mazuri." Wakacheka wote, kha kha kha!

"Turudi nyumbani, mwanangu," alisema Bibi taratibu. "Basi tena."

Mama Sikitu alisikia moyo unamuuma, ukamuuma hasa. Lakini akakumbuka jambo aliloliona tangu utotoni. Gari moja likisimama mbugani, la pili nalo husimama. La tatu dereva wake hata hajui kuna nini, naye yumo! Akajiuliza, kwani Simba ana tofauti gani na dereva?

Akamketisha Bibi kivulini, akawaita mumewe na watoto. "Twendeni kwenye kichaka kile. Kikodoleeni macho, na msiseme neno ila 'Lo!'"

Wakajipanga mstari.

"Lo!" alisema Sikitu, mtoto wake mkubwa.

"Lo! Lo!" waliitikia wenzake.

Nyati akainua kichwa. "Wanatazama nini wale?" Akashuka, puu! Akafika kichakani, akaona majani. Lakini ashindwe na pimbi, yeye Nyati? "Aaa... naam!" alisema. "Lo!"

Kifaru akaja mbio. "Umeona?"

"Nimeona. Kwani wewe huoni?"

"Naona sana! Tena kuliko wewe!" Na Kifaru, mnamjua, hata pua yake haioni vizuri.

Simba alimwambia mkewe, "Tulia. Wenye heshima zao hawakimbilii mambo." Kabla hajamaliza kusema, yeye na jamaa yake yote walikuwa kichakani.

Mama Sikitu akapenya miguuni mwao, puruu, mpaka kwa Bibi. "Panda, mama. Mguu hapa. Haya, na huu hapa." Bibi akakaa juu ya jiwe kama bibi harusi.

Ole wake! Magari yakaja, vuum, yakawaona simba, yote yakalipita jiwe na kwenda kusongamana kichakani. Mawili, matatu, matano.

"Mwanangu," alisema Bibi, "naona vumbi tu."

Mama Sikitu machozi yalimlengalenga. Aliikumbuka tabia ya madereva ili awanase wanyama, akasahau kwamba madereva wenyewe nao wangenaswa!

Mwisho likaja gari moja kuukuu, likikohoa. Ndani mlikuwa na baba, mama, bibi mwenye kanga kichwani, na kitoto cha kike.

"Baba, simama! Simama!"

"Simba wako mbele, Tabu."

"Simtaki simba! Namtaka yule mzee mdogo!"

"Msimamishie mtoto," alisema bibi mwenye kanga. "Simba hawana haraka."

Gari likasimama karibu kabisa. Mtoto akatoa uso dirishani. Bibi Pimbi akanyoosha shingo, akakunja pua kumnusa. Kwa kwa kwa! Mtoto akacheka uso mzima, na meno mawili ya mbele hana.

"Ana mapengo!" alilia Bibi. "Mwanangu, nimeyaona! Ana mapengo kama mimi!" Akacheka naye, machozi yakimtiririka, na Mama Sikitu akamkumbatia kwa furaha.

Simba akarudi amefura. "Wewe Pimbi! Kichakani hakuna kitu!"

"Mzee wangu, nani alisema kipo? Sisi tulisema 'Lo' tu. Wewe ulisema umeona nini?"

Simba alikuwa amewaambia wote kwamba ameona mnyama mwenye mikia miwili! Akamtazama Bibi anavyofuta machozi, hasira ikamtoka, akaenda kujilaza chini, panapoonekana magurudumu tu.

Wanangu, anayeona aibu kusema "sijaona" huongozwa na yeyote, hata pimbi.