Matairi ya Kuponya Mgongo

Hadithi!
— Ije.
Ikija na gari?
— Tutalisukuma.
Likikataa?
— Tutasimulia tukitembea.

Hapo kale Digidigi alikuwa na mume, Baba Semeni. Siku moja Baba Semeni aliteleza mwambani akaumia mgongo. Digidigi akamlaza kiti cha nyuma cha gari lao ampeleke kwa mganga wa mifupa, ng'ambo ya vilima. Matairi ya nyuma yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo alinunua mawili mapya, akapita kwa Kifaru, fundi wa njiani, amfungie.

Kifaru akafunga, Digidigi akaondoka. Gari likaenda dugu-dugu, dugu-dugu. Baba Semeni akaguna, "Mmh." Digidigi akapunguza mwendo. Gari likaenda dugu, dugu. Baba Semeni akaguna, "Mmh." Usukani ulikuwa umetulia mikononi, kilichotikisika ni kiti. Digidigi akajua ubaya uko nyuma. Akageuza.

Kifaru akasema ni barabara. Digidigi akamjibu kwamba juzi alipita barabara hiyo hiyo na kapu la mayai, na halikuvunjika yai hata moja. Kifaru akasema basi ni mgonjwa, anajigeuzageuza.

Digidigi akapiga jeki. Akasimamisha kijiti karibu na tairi, akalizungusha. Likapita kimya, kisha likagonga, ta. Likapita kimya, likagonga, ta. Tairi lilikuwa na nundu. Tena lilikuwa kuukuu, limepakwa rangi ya viatu likang'aa. La pili hali kadhalika. Akatupa jicho kwenye gari la Kifaru bandani. Yale matairi mapya aliyoyanunua yalikuwa huko.

Kifaru hagombwi, atakukanyaga. Digidigi akainama dirishani, akamnong'oneza mumewe avumilie, asigune tena hata aumie vipi. Kisha akamrudia Kifaru akicheka.

"Kaka Kifaru, nisamehe, nimekulaumu bure. Kumbe matairi haya yanakanda. Shemeji yako mgongo umeanza kupona. Nenda kamsikilize, haguni tena."

Kifaru naye alikuwa na mgongo wake, wa kuinamia magurudumu ya watu. Akaenda kuchungulia. Baba Semeni akamtazama, akatabasamu.

"Dada," Kifaru akamwambia Digidigi, "hayo matairi ni yangu. Nilikufungia kwa bahati mbaya."

Digidigi akakataa. Akayakumbatia matairi, akalia. Alivyozidi kulia, ndivyo Kifaru alivyozidi kufungua nati, hata akamrudishia yale mapya.

Sasa gari likaenda kimya, kama limetandikiwa pamba. Digidigi akacheka peke yake. Akamsimulia mumewe jinsi fundi alivyokimbilia nundu zake mwenyewe. Akamwonyesha kilima cha kwanza, akamwonyesha cha pili. Akamuuliza kama anaumia. Kimya. Akamwambia vizuri, lala.

Mganga akafungua mlango wa nyuma. Akamshika Baba Semeni shingoni, akakaa hivyo kitambo.

"Mama Semeni, zima gari," akasema. "Amekwenda zamani huyu. Amekwisha kupoa."

"Hakuguna," Digidigi akasema. "Nilimwambia asigune."

Kifaru yuko barabarani hadi leo, dugu-dugu, dugu-dugu, akimwambia kila anayepishana naye kuwa mgongo umepona.

Basi funzo, wanangu: gari likitikisika, msijisumbue kutafuta kosa. Mwaminini fundi. Ni barabara.

Hadithi nimeiegesha hapo. Aliyeipenda apande, asiyeipenda aende kwa miguu.