Sange, Kiboko na Kona ya Tatu

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa mbio.

Mbio za nani, wa miguu miwili au wa miguu minne?

Leo si mbio za miguu, jamaa zangu, leo ni mbio za vidole. Kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, acha kumvuta mwenzio shuka, maana mimi nikianza sirudi nyuma.

Basi hapo kale, wala si kale sana kwa sababu rimoti zilikuwa zimeshafika, wanyama wa Bonde la Mitete walikuwa na klabu ya vigari. Vigari vyenyewe vidogo, kila kimoja ukubwa wa kiatu, vinakwenda kwa betri na vinaongozwa kwa rimoti. Kila Jumamosi wanakutana, wanavikimbiza, nyiiii, nyiiii, vumbi linatimka, halafu wanakunywa uji na kubishana nani alimziba nani njia.

Uwanja wa mbio aliutengeneza Sange. Sange mnamjua, au mmemwona mkadhani ni panya: mdogo, miguu kama njiti, na pua ndefu inayochezacheza hata akiwa amelala. Ukoo wake tangu mababu ni watu wa kufagia njia. Sange hawezi kuliona jani njiani akalipita, atawashwa mwili mzima. Basi alfajiri anafagia, fya, fya, fya. Jioni anafagia, fya, fya, fya. Mpaka ikapatikana njia safi yenye kona tatu, na nyumba yake ipo chini ya kichaka, hatua kumi tu kutoka kona ya tatu. Alizaliwa hapo, na watoto wake aliwazalia hapo hapo.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa Kiboko. Kumchagua hawakumchagua. Alikuja mkutanoni, akakaa, kiti hakikuonekana tena, wakaona afadhali wamwite mwenyekiti. Na Kiboko alikuwa na tamaa ya kupindukia. Akiona uji, ni wake. Akiona kivuli, ni chake. Ukipiga chafya karibu naye, atauliza kama ipo nyingine.

Sasa, katiba ya klabu ilisema kwamba atakayeshinda mara tatu mfululizo achukue kombe, likae kwake daima. Kiboko alikuwa ameshinda mara mbili. Jumamosi ya mara ya tatu akasimama mbele ya wanachama, akakohoa.

"Kombe linakaa juu ya nini?" akauliza.

"Juu ya meza, Mzee Mwenyekiti," akajibu Kobe, ambaye ndiye katibu na ndiye refa.

"Na meza inakaa juu ya nini?"

"Juu ya uwanja."

"Basi nikishinda leo nachukua kombe, na meza, na uwanja. Nitauchimba, nitaingiza maji ya mto, nipate dimbwi la kulalia. Kuna mwenye swali?"

Mwenye swali hakuwepo. Wenye swali walikuwa wanaangalia miguu ya Kiboko. Sange naye aliona nyumba yake imejaa matope hata kabla haijajaa, na moyo ukamuuma, tena ukamuuma sana. Lakini Sange si wa kulia mbele za watu. Aliinua pua, akanusa upepo kushoto, akanusa kulia, akasema moyoni, huyu nitamweza.

Rafiki yake Nguchiro akamnong'oneza, "Shoga, utamwezaje? Huyu hajawahi kushindwa."

"Hajawahi kushindwa," Sange akasema, "kwa sababu hajawahi kusimama kona."

Hapo lazima niwaeleze, msije mkapotea. Vigari hivi hupinduka. Dereva haruhusiwi kutoka kwenye mstari wa madereva kwenda kukiinua chake, akitoka basi ametolewa mbioni. Kwa hiyo klabu ina desturi: ukimaliza raundi yako, unaweka rimoti chini, unakwenda kusimama kwenye kona, unakuwa mwinuaji wa raundi inayofuata. Kigari cha mwenzio kikilala chali, unakimbia, unakigeuza, kinaendelea. Leo mimi nakuinua, kesho wewe unaniinua.

Kiboko yeye alikuwa akimaliza raundi yake anakwenda mtoni kulala. Kona aliyopangiwa inabaki tupu, na wenzake wakipinduka pale wanabaki chali mpaka mbio ziishe. Lakini kigari cha Kiboko kikipinduka, looo, wainuaji watatu wanakirukia kwa hofu, kinainuliwa hata vumbi halijatua. Kiliinuliwa upesi mno, kila mara, hata mwenyewe akaamini kwamba hakipinduki.

Haya. Siku hiyo raundi ya kwanza ikapigwa, Kiboko akashinda. Kobe akaangalia daftari, akaita, "Mzee Mwenyekiti, kona ya tatu, tafadhali. Zamu yako ya kuinua."

"Na jua hili?"

"Ndiyo desturi, mzee."

"Desturi iliwekwa na wenye ngozi nene. Mimi ngozi yangu inapasuka."

Wanyama wakanung'unika chini chini. Sange akajitokeza mbele, akaweka mikono nyuma kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema, lakini sema kwa kifupi kama wewe mwenyewe."

"Mzee, nisikilize, nitakuambia kweli. Anayechoka na jua asilazimishwe kusimama kona. Apumzike. Ila kigari chake nacho kisiinuliwe. Tuandike hivi: asiyeinua hainuliwi. Lakini nakuambia kweli, mzee, usikubali. Kigari chako hupinduka. Bora ukasimame."

Kiboko akacheka, meno yote nje. "Changu hupinduka? Nani amekiona?"

Wanyama wote walikuwa wamekiona. Wanyama wote wakaangalia vigari vyao.

"Unaniambia nisikubali ili nikachomwe na jua, wewe upate raha ya kuniangalia. Kweli yako kaa nayo. Kobe, andika."

Kobe akaandika. Kobe huandika polepole, lakini akishaandika haifutiki. Asiyeinua hainuliwi. Kiboko akachovya mguu matopeni, akaupiga juu ya ukurasa, pwa, huo ndio muhuri wa mwenyekiti. Kisha akaenda zake mtoni, chubwi.

Raundi zikaendelea. Sange akashinda yake, akasimama kona, akainua vigari vinne vya wenzake, na kimoja kati ya hivyo kilimgonga kwenye pua. Hesabu ikapigwa: fainali ni Kiboko na Sange, wao wawili tu, mizunguko kumi.

Wakati wa mapumziko Sange akatoa betri. Si betri ya mbio. Ilikuwa betri kubwa, nene, ya kuwashia kipaza sauti cha Kobe, na Sange aliivuta kwa kamba, kwaru, kwaru, mpaka chini ya mti. Akaifunika kwa jani. Jani lenyewe moja, na lenyewe dogo.

Nguchiro akamwambia, "Shoga, hiyo inaonekana."

"Inaonekana?" Sange akasema. "Basi vizuri."

Kiboko akarudi kutoka mtoni, maji yanamtiririka, macho yanazunguka yakitafuta cha kuchukua. Yakatua kwenye jani.

"Unaficha nini hapo?"

"Betri, mzee. Nakuambia kweli, hii si ya mbio. Ni ya kipaza sauti. Ni nzito. Ukiipakia kwenye kigari, kona ya tatu itakupindua."

"Ina nguvu?"

"Nguvu inazo, mzee, sikufichi. Kwenye mstari ulionyooka utaruka. Kwenye kona utalala."

Kiboko akaiangalia betri. Akamwangalia Sange. Akawaza, na mawazo ya Kiboko mtu aliweza kuyaona yakipita usoni moja moja, maana yalikuwa mazito. Huyu ana betri yenye nguvu. Ameificha. Ananiambia niiache. Kwa nini aniambie niiache?

"Lete," akasema.

"Mzee, ni nzito."

"Hata mimi ni mzito, na umewahi kuniona nimepinduka? Kweli yako kaa nayo."

Akaichukua. Haikuingia ndani ya kigari, kwa hiyo akaipandisha juu, akaunga nyaya, akaizungushia kamba mara mbili, akafunga fundo. Kigari kikaonekana kama bibi amebeba jiwe la kusagia kichwani.

"Mzee," Sange akasema mara ya tatu, "nakuambia kweli, mbele ya Katibu. Usiifunge juu."

"Kobe," Kiboko akasema, "mwandike huyu kwenye daftari lako kwamba ananisumbua, na kila alilonisumbua nalo uliandike."

Kobe akaandika.

Nguchiro akamvuta Sange pembeni, sasa amekasirika. "Wewe ni rafiki yake au ni adui yake? Mara tatu umemwambia. Safari hii akisikia je?"

"Dada, Kiboko akiambiwa chakula kina chumvi nyingi, hula harakaharaka kabla hakijaondolewa. Nenda kasimame kona ya tatu. Ukiniona nimelala, niinue. Ukimwona yeye amelala, soma daftari."

Vigari vikapangwa. Kobe akainua mguu, akakaa nao juu, akakaa nao juu, mpaka watu wakaanza kuguna, kisha akaushusha. Mbio zikaanza.

Nyiiiiii, kigari cha Sange. Vuuuuuu, kigari cha Kiboko. Kwenye mstari ulionyooka betri ile kubwa ilifanya kazi yake kama Sange alivyosema: kigari cha Kiboko kikaruka, kikamwacha Sange vumbini. Kona ya kwanza kikayumba, kikapita. Kona ya pili kikainama, kikapita. Kona ya tatu kikasimama kwa magurudumu mawili, kikafikiri, kikarudi chini. Kikapita.

Mzunguko wa pili Sange, katika kumfukuza, akakitoa kigari njiani, gurudumu likakanyaga jiwe. Kigari chake kikarushwa, pu, chali, magurudumu juu yanazunguka bure. Akaiona nyumba yake, akayaona matope. Lakini Nguchiro alishatoka mbio, akakigeuza, tap, kikaondoka.

"Si haki," Kiboko akanguruma.

"Alisimama kona asubuhi," Kobe akajibu bila kuinua macho. "Ameinua, ameinuliwa."

Sange akatulia. Hakufukuza tena. Aliendesha polepole, ndani ndani ya kona, kama mtu anayefagia. Mzunguko wa tatu, wa nne, wa tano. Kiboko mbele, Kiboko mbele, Kiboko mbele zaidi. Kufika mzunguko wa saba, Kiboko alikuwa amemtangulia Sange karibu mzunguko mzima, sasa anamjia kwa nyuma.

Jamaa zangu, hapo angepunguza mwendo angeshinda. Angepita kona kwa kujivuta kama Kobe angeshinda. Lakini kushinda hakukumtosha, alitaka pia kumpiga Sange mzunguko mzima, ili watu wasimulie. Sange akamsikia anakuja, vuuuuuu. Akamwachia njia ya nje, pana, nzuri, imefagiwa.

"Pita, mzee," akasema, "lakini punguza. Hiyo ni kona ya tatu."

"Kweli yako kaa nayo," Kiboko akasema, akabana rimoti mpaka mwisho.

Kigari kikaingia kona. Betri ikataka kwenda mbele, kigari kikataka kwenda kushoto. Betri ikashinda. Gubu, gubu, puu. Chali kama mende, magurudumu yote manne hewani, zzzzzzz.

"Inua," Kiboko akasema.

Nguchiro alikuwa amesimama pale pale, kigari kiko mguuni kwake. Akaangalia mawingu.

"Nasema inua."

Wanyama wakamgeukia Kobe. Kobe akafungua daftari, akalamba kidole, akafunua ukurasa mmoja, akafunua wa pili, akafika kwenye alama ya matope. Akasoma: "Asiyeinua."

Wote wakamalizia: "Hainuliwi."

Kiboko akainua mguu mmoja akakinyanyue mwenyewe. Kobe akasema, "Ukivuka mstari, umetoka." Mguu ukabaki hewani. Na Sange, nyiii, akapita. Akazunguka, nyiii, akapita tena. Mzunguko wa nane, wa tisa, wa kumi, kila akipita kona ya tatu anakizunguka kigari cha Kiboko kwa heshima zote, kama unavyompita mkubwa aliyelala njiani.

Sange akashinda. Akapewa kombe, akalitazama, likawa kubwa kuliko yeye, akalirudisha juu ya meza. Meza ikabaki juu ya uwanja. Uwanja ukabaki pale ulipo.

Kiboko akaenda kwa Kobe kushtaki, machozi yanamdondoka, na machozi ya Kiboko ni ndoo ndoo.

"Huyu Sange amenidanganya."

"Amekudanganya nini, mzee?" Kobe akafungua daftari. "Nimeandika hapa. Alikuambia kigari chako hupinduka. Alikuambia betri ni nzito. Alikuambia usiifunge juu. Ni lipi la uongo?"

Kiboko akatafuta, akatafuta. Halipo.

"Ndivyo hivyo hivyo alivyonidanganya," akasema. "Alijua nikiambiwa kweli siamini, akaniambia kweli tupu. Huo si ujanja wa haki. Mtu muungwana angenidanganya vizuri, nikajua la kufanya."

Sange aliona jani limeanguka kwenye kona ya tatu, akaenda kulifagia.

Nami hadithi yangu imekata mstari wa mwisho, rimoti nimeizima. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aniachie, nitaikimbiza kwa majirani.

Mnataka funzo? Funzo ndilo hili, na mkawafundishe wadogo zenu: wanangu, semeni kweli siku zote, kwa adui na kwa rafiki, maana kweli haijawahi kumdhuru mtu. Msiponiamini, kamuulizeni Kiboko.