Jozi Mbili za Kandambili

Mtu mmoja alikuwa na jozi mbili za kandambili, moja ya buluu na moja nyeusi. Za buluu zilijulikana mji mzima. Nyeusi alizijua yeye na Mungu wake.

Mtu huyo aliitwa Ambakisye, naye aliishi katika mji wa dhahabu ya zamani, ambao wenye kampuni waliuhama tangu enzi za babu zetu. Waliacha bomba la moshi lililopinda, nyumba zisizo na milango, na mgodi uliokwenda chini ya kilima kama koo. Watu ishirini na watatu wa mji huo waliungana, wakaufungua tena, wakawa wanaokoteza masalia. Masharti yao yalikuwa mawili tu.

Sharti la kwanza lilihusu nguzo. Wale wa zamani hawakuumaliza mwamba wote. Waliacha nguzo za mawe, nene kuliko pipa, ili zibebe kilima. Ndani ya nguzo hizo dhahabu ilionekana kwa macho, imelala katika jiwe kama mishipa ya mkono. Ukiimulika, inakukonyeza. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

Sharti la pili lilihusu viatu. Kila aingiaye alivua kandambili zake mdomoni mwa mgodi, akavaa buti, akashuka. Akitoka anazichukua. Kwa hiyo aliye nje hakuwa na haja ya kuuliza: jozi sita, watu sita. Na Jumamosi, siku ya kulipua baruti, utambi haukuwashwa mpaka pale mdomoni pawe peupe, na mlipuaji aingie aite mara tatu.

Watu wale hawakujiwekea masharti kwa sababu walikuwa wema. Waliogopa. Na hofu ya namna hiyo, jamani, ni zawadi.

Ambakisye naye aliogopa, mwanzoni. Lakini nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na masika iliyopita mvua iliwanyeshea kitandani, yeye na mkewe Subilaga. Akatamani bati. Mtu kutaka asinyeshewe si dhambi. Ila upande wake wa mwamba ulikuwa umekauka, wiki tatu hapati hata chembe, na kila siku njia ya kwenda kwenye kazi yake ilipita katikati ya zile nguzo. Siku moja akasimama hapo zaidi ya ilivyohitajika.

Nyuma ya kilima palikuwa na tundu la hewa la zamani, limefunikwa na vichaka. Akaanza kupita hapo mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kula. Kandambili za buluu aliziacha mlangoni kwake, zimepangwa vizuri, ili kila apitaye aseme, yumo ndani amelala. Kisha alitokea mlango wa nyuma, nyeusi akazivaa hadi kwenye tundu, akazificha chini ya majani.

Siku ya kwanza alichukua pembe tu ya nguzo moja. Alipiga tindo mara moja, akatulia kusikiliza. Akapiga tena, akasikiliza. Kilima hakikusema kitu. Akajiambia, kumbe. Na baada ya hiyo kumbe akachukua pembe ya pili, kisha ya nguzo nyingine, na pale alipoondoa jiwe alisimika gogo la mti ili moyo wake utulie. Haukutulia.

Bati zikapanda juu ya nyumba, moja moja. Wenzake wakamtania, “Ambakisye, umeoa mke wa pili mwenye duka?” Akacheka nao. Lakini mvua ikigonga lile bati jipya alishtuka, akidhani ni vijiwe vinadondoka. Alipokuwa kazini na wenzake, wao walitazama mwamba, yeye alitazama juu. Kanisani alisimama akawaombea ulinzi wa Mungu kwa sauti kubwa, machozi yakimtoka, na watu wote wakasema amina. Alikuwa anaezeka nyumba yake kwa kubomoa paa la wenzake, naye alijua. Hata lile ombi lilikuwa la kweli. Ndivyo tulivyo.

Ikafika Jumamosi ambayo mlipuaji aliugua. Mlipuaji alikuwa Gwamaka, mdogo wake Ambakisye wa tumbo moja. Watu wakatangaziwa kwamba hakuna baruti, wakabaki majumbani. Ambakisye akaona siku ni yake. Akazipanga kandambili za buluu mlangoni, akaenda.

Kumbe kabla ya saa sita homa ilimwachia Gwamaka. Akiwa njiani kwenda mgodini alipita kwa kaka yake, akamkuta Subilaga anapepeta mchele.

“Shemeji, kaka yupo?”

“Si unaona viatu? Amelala. Siku hizi analala mchana kama paka wa parokia.”

Gwamaka akacheka. “Mwache. Nilitaka tu ajue nimepona, naenda kulipua.”

Akaenda. Mdomoni mwa mgodi palikuwa peupe, hata ukanda wa kandambili haukuwepo. Akaingia.

Ambakisye alikuwa amepiga magoti chini ya nguzo aliposikia sauti ikizunguka gizani. “Kuna mtu?”

Akazima taa upesi, kana kwamba sauti ina macho. Akawaza, baruti iko upande wa pili. Nitajikunyata hapa. Itapita, hakuna atakayejua.

“Kuna mtu?”

Vumbi likamdondokea shingoni. Gogo alilolisimika wiki ile likalia taratibu, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Ndipo alipokumbuka kwamba Gwamaka akishawasha utambi atatoka kwa njia kubwa, naye atapita chini ya nguzo hizi hizi. Gwamaka, kitinda mimba wa mama yao, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni. Na Jumatatu wangeingia wale wengine, wote, wakiimba. Alitaka kuitika. Lakini angeitika angejulikana. Na pale gizani aligundua kwamba kujulikana anakuogopa kuliko kufa, na hata kuliko kumwua ndugu yake. Hilo ndilo lililomtisha kupita mwamba ule wote.

“Kuna mtu?”

Akafungua kinywa, sauti haikutoka. Kisha ikamfikia puani harufu ya utambi unaoungua.

“Gwamaka, nipo! Zima! Nguzo nimezila mimi!”

Akasikia hatua zikikimbia. Hazikukimbilia nje, zilirudi kwenye moto. Akangoja, uso ameuziba kwa mikono, akihesabu pumzi zake kama mtu anayehesabu shanga za mwisho. Mlipuko haukuja. Ikaja taa.

Gwamaka alikuwa bado ameshika kipande cha utambi alichokikata. Akamulika nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilikuwa zimegugunwa kama magunzi ya mahindi. Hakumtukana kaka yake. Alitazama juu, akasogeza mdomo karibu na sikio lake, akanong'ona, “Tutoke. Usikohoe.”

Wakatoka wameshikana mikono, kama watoto wanaopita karibu na mbwa.

Watu walipokusanyika pale mdomoni Ambakisye aliwaambia mwenyewe yote, hakubakiza. Wako waliookota mawe, kisha wakayaacha yaanguke. Kesho yake, kanisani, katikati ya wimbo, ardhi ilishtuka kama mtu aliyepigwa ngumi tumboni, na vumbi likapanda nyuma ya kilima. Hakuna aliyeuliza ni nini. Kila mmoja alijihesabu mikono na miguu. Ndani ya mgodi hapakuwa na mtu. Lakini mgodi uliokuwa ukizilisha nyumba ishirini na tatu ulikuwa umefukiwa.

Jumatatu, bila kuambiwa na mtu, Ambakisye alipanda juu ya nyumba yake akaanza kung'oa bati. Subilaga alizipokea chini. Walizibeba mpaka upande wa pili wa kilima, mahali ambapo wenzao walikuwa wameanza shimo jipya, wakazitandaza ziwe kivuli cha wachimbaji. Masika ile wawili hao walinyeshewa tena kitandani.

Shimo lilipofika kina cha mtu kushuka, Ambakisye alikuja mbele ya wote, akavua kandambili za buluu, akazipanga mdomoni. Nyeusi alikuwa amezichoma. Hakuna aliyempigia makofi. Gwamaka alivua zake, akaziweka kando ya zile za kaka yake, wakashuka.

Ndugu yangu, viatu vyako viko mlangoni, vimepangwa vizuri, na kila apitaye anasema yumo. Lakini wewe mwenyewe uko wapi, na sauti imekwisha kukuita mara ngapi?