Mji Aliopewa Zawena

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wamekwisha kupewa vishikwambi shuleni, Kicheche aliingia ua wa Tembo bila kuvunja hata ufito mmoja. Alivyoingia tunajua, wanangu. Fumbo nisilolitegua hadi leo ni hili: jioni zote zile alizocheza na Zawena, hakuna hata moja aliyoufurahia mchezo?

Zawena alikuwa binti wa Tembo, darasa la tatu. Uani kwao Mama Kanga aliatamia mayai kumi na moja, kwa kuwa hapakuwa na boma imara kuliko lile. Bibi Tembo ndiye aliyelinda lango. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo kila aliyebisha alitegewa kitendawili cha nyumba: "Mzee wetu amelala, kivuli chake hakilali." Jibu walilijua wa nyumbani tu.

Kwenye kishikwambi Zawena akapata rafiki aliyejiita Kifaranga, mwenye picha ya kifaranga wa manjano. Kila jioni wakategeana vitendawili. Siku moja Kifaranga akaandika kwamba hivi vya shuleni vimemchosha. Kwao Zawena hakuna cha kwao wenyewe? Zawena akaona fahari, akatega kile cha nyumba.

"Nimeshindwa," akaandika Kifaranga. "Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Wenye mito mitatu. Wote wako."

Zawena akasita. Bibi alikuwa amemkanya. Lakini aliyepewa mji hutoa jibu. Ndivyo mchezo ulivyo tangu enzi na enzi.

"Nimekwenda, nimeoga, nimerudi," akaandika. "Ni mkwaju alioupanda babu."

Kesho yake mchana, Mama Kanga alipotoka kuchakura, lango likalia ko-ko-ko. Bibi akatega. Sauti nyembamba ikajibu sawasawa. Komeo likafunguka, kwaa.

"Karibu, mjukuu wangu," akasema Bibi. "Leo umewahi."

Zawena aliporudi kutoka shuleni alikuta maganda matupu kiotani. Mama Kanga alikuwa akikizunguka. Zawena akawasha kishikwambi. Kifaranga hakuwepo tena, wala picha yake.

"Nimefungua mimi," Bibi akasema.

"Hapana, Bibi. Nilifungua mimi, jana."

Akaeleza yote. Baba Tembo alitaka kukikanyaga kishikwambi. Bibi akamzuia, akisema hicho hakikumdanganya mtu.

"Asiyeonyesha uso wake asipewe siri ya mlango," akasema, "hata akitoa mji mzima."

Ikaamuliwa kitendawili kibadilishwe, na kila rafiki mpya wa kishikwambini atambulishwe kwa wakubwa kwanza. Tena Mama Kanga aambiwe jinsi adui alivyolipata jibu. Kwa hilo la mwisho wakubwa walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Zawena akainuka, akaenda kiotani, akapiga magoti, akamwambia mwenyewe.