Laurenti wa Udongo na Nyumba ya Vigae

Hapo zamani, enzi ambazo mtu alibisha hodi hata kabla ya kumwamsha aliyelala, Usukumani paliishi mfinyanzi mjane aliyeitwa Nyanjige. Mitungi yake ilipoza maji mpaka meno yakauma.

Siku moja Padre Anselmi alimjia na kikapu kizito.

"Mama Nyanjige, huyu ni Mtakatifu Laurenti."

Nyanjige akachungulia. "Mbona amekuwa kokoto?"

"Kaanguka mkokotenini. Bahari yote kavuka salama, kaja kuvunjikia kwenye daraja letu."

Ilikuwa picha ya ukutani ya udongo uliochomwa, ambayo watu wake walichomoza kana kwamba wanataka kutoka. Vilibaki vipande: malaika wanene wakibiringika mawinguni, mashuka yakipepea pasipo upepo, na mguu wa mtu juu ya kichanja chenye moto chini yake. Padre akaeleza kwamba Laurenti alikuwa shemasi, watesi walimbanika angali hai, naye akawaambia, "Upande huu umeiva, nigeuzeni."

"Kweli alisema hivyo?"

"Ndivyo tunavyosimuliwa."

"Basi alikuwa mtu wa utani," alisema Nyanjige, akampenda papo hapo. Padre alipomwomba afinyange mwingine kabla Askofu hajaja kwenye sikukuu ya parokia, alikubali.

Ila Nyanjige hakufinyanga asichokiona. Alihitaji mtu wa kulala kichanjani na mtu wa kumtesa. Wa kulala hakutafutwa: Bulugu, mvivu ambaye hata nzi walimchoka. Mtesi akawa Kasase mchinjaji, kwa sababu ya uma wake mrefu wa kugeuzia nyama. Lakini Kasase alikuwa mpole, mtu wa kumwomba mbuzi radhi kabla ya kumchinja.

Kazi ikaanza uani. Bulugu akalala, tena akalala kwelikweli, mdomo wazi, mate yakimtiririka. Kasase akasimama na uma wake, akitabasamu.

"Kunja uso, Kasase! Unamuua mtu!"

"Nitamuuaje, dada yangu, na jana nimekula ugali kwake?"

Kesho yake vivyo hivyo: mmoja anakoroma, mwingine anatabasamu. Sikukuu ikakaribia, Nyanjige akashindwa kungoja. Akachota makaa kwa kigae cha mtungi, akayasogeza chini ya kichanja. Kidogo tu, alijiambia, Bulugu akunje uso.

Upepo ukaja, miti ya kichanja ikashika moto. Bulugu akakunja uso, akaukunja vizuri ajabu, na Nyanjige akafinyanga mbio, mikono ikienda yenyewe, akasahau moto, akasahau mtu. Kasase alipoona moshi macho yalimtoka, mishipa ya shingo ikamsimama, akapiga ukelele:

"Bulugu! Amka, unaungua!"

Naye Bulugu, nusu usingizini, akanung'unika, "Upande huu tayari. Nigeuzeni."

Bulugu, ambaye tangu abatizwe hakuwahi kuwa macho wakati wa mahubiri! Padre, aliyekuja kutazama kazi, akapiga magoti. Wanawake waliokuwa wakipita wakatua kuni, wakapiga magoti. Uwanja mzima ukawa unasali na mtu anaungua. Kasase peke yake hakusali. Alitumbukiza mikono motoni, akamvuta Bulugu chini.

Sura zote mbili zilikuwa zimeshaingia kwenye udongo.

Picha ilipokauka ikapelekwa kuchomwa. Mvua ikanyesha, kuni zikalowa, na udongo ukichomwa nusu hupasuka. Nyanjige akavuta nyasi za paa la nyumba yake, akazitia motoni. Hazikutosha. Akatia boriti. Picha ikatoka nyekundu, nzima, bila ufa. Nyumba ikabaki kipara.

Ikatundikwa kanisani, na Askofu alipofika aliitazama mpaka akafuta machozi.

"Vigae vya nyumba kuukuu ya mapadre vinatosha nyumba moja tu," alisema. "Nitamjengea aliyetuletea mtakatifu huyu. Iwe na paa la vigae na mlango wa kufuli. Ni nani?"

Nyanjige akasimama. "Ni mimi, Baba Askofu. Udongo niliukanda mimi, na paa langu limo humo ukutani. Mvua inaninyeshea kitandani."

Bulugu alikuwa amesimama tayari, maana kukaa hakuweza. "Ni mimi. Sura ni yangu, mgongo ulioungua ni wangu. Tangu picha itundikwe, watu hunijia na mishumaa. Huyu anaomba mvua, huyu anaomba mtoto, huyu ng'ombe wake kapotea. Jana mama mmoja kanisimamishia mshumaa kifuani! Nahitaji mlango wenye kufuli. Sijalala, Baba. Mimi, Bulugu, sijalala!" Akaangua kilio.

Kasase akainua mikono iliyofungwa vitambaa. "Ni mimi. Niliyemwokoa ni mimi, lakini ukutani mimi ndiye muuaji. Uso ule ni wa hofu; watu wanasema ni wa ukatili. Nyama yangu hainunuliwi. Mwenye nyumba kanifukuza, mke wangu karudi kwao, eti hakujua ameolewa na nani. Laurenti aliteswa mara moja. Mimi nateswa kila Jumapili."

Bulugu akamgeukia Nyanjige. "Na moto nani aliuweka? Si wewe?"

"Niliuweka. Ningekuacha, Askofu angekuta mtakatifu anatoa mate."

"Ungeniua!"

"Ningekuua," alijibu Nyanjige. "Hilo linaninyima usingizi kuliko mvua. Lakini tazama ukutani, Bulugu. Ungependa nisingeuweka ule moto?"

Bulugu akatazama. Akatazama tena. Akajipapasa mgongo.

Askofu akavua kofia, akajikuna, akaivaa. Akamtazama Padre.

"Mimi nilipiga magoti tu," alisema Padre.

"Basi amueni wenyewe," alisema Askofu, akapanda punda wake, akaondoka.

Nyumba ilijengwa, ikaezekwa, ikafungwa. Ni tupu mpaka leo hii. Nyanjige amejifunika ngozi, na mawingu yanakusanyika. Bulugu amejificha ghalani, na wenye mishumaa wameshamwona. Kasase analala zizini na mbuzi ambao hakuna anayetaka awachinje.

Ufunguo nauweka hapa katikati yenu. Mwenye mikono iliyofinyanga, mwenye mgongo ulioungua, au mwenye uso wa hofu? Haya, semeni: nani aingie?