Simba wa Mzee Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa na wadogo. Hapo zamani za kale, nyasi za mbuga zikiwa bado hazina mwenyewe, walikuwako Mama Ngiri na mumewe, Mzee Ngiri.

Mzee alikuwa na hadithi moja. Ujanani alikwenda kunywa kwenye chemchemi nyuma ya vilima, akamkuta simba, akamchoma kwa meno yake marefu. Kila akiisimulia, simba alikua. Mara ana manyoya mekundu, mara meusi. Mara alikimbia, mara alikufa palepale. Wanyama walicheka. Mama Ngiri naye alicheka, lakini alisikiliza mpaka mwisho, maana alimpenda.

Ukaja ukame. Dimbwi likakauka kau! Watoto wakawa wanalamba mawe. Mama Ngiri akasema waende kwenye ile chemchemi. Jirani yao Kanga akakataa. Akasema aliyedanganya juu ya simba atadanganya na juu ya maji, nao watakufa njiani.

Mama Ngiri akaingiwa na hofu. Akaenda kwa mumewe, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, akamwuliza habari za simba. Mzee akavuta pumzi, akaongeza simba wa pili.

Moyo wa mama ukanywea. Akauliza tena, polepole:

"Baba watoto, tope la huko lilikuwaje?"

"Jekundu," akajibu bila kufikiri. "Linanata puani. Unapiga chafya kutwa."

Mama Ngiri akawaza. Simba hubadilika kila siku, lakini tope, kila Mzee alipolitaja kwa kupita, halijabadilika hata mara moja. Na nani ajisifie chafya?

"Twende," akasema.

Wakaenda. Kwata, kwata, kwata. Mzee ameegemea ubavu wa mkewe, watoto nyuma, Kanga mwisho kabisa, ananung'unika. Wakapanda, wakashuka. Jua likawachoma. Kitindamimba akaanguka, mama akamsukuma kwa pua, wakaendelea.

Mara mtoto akapiga chafya. Chya! Tope jekundu. Na chini ya mwamba, maji: bubububu.

Wakanywa mpaka matumbo yakajaa ndi! Kanga alipopata pumzi, akauliza simba yuko wapi. Mzee Ngiri akainamisha kichwa.

Mama Ngiri akamfuta tope puani.

"Simba ni wa mume wangu," akasema. "Maji ni yetu sote."

Basi, wanangu, msimulizi akitia chumvi, msimtupe pamoja na hadithi yake yote. Msikilizeni anapojisifu, msikilizeni na anapojisahau. Hapo anapojisahau ndipo mumwamini.

Hadithi yangu imeishia hapo, nao nimewaacha wanakunywa.